Fimbo ya Muhugu

Ningekataa kuapa. Hilo tu. Nimeligeuza jambo hili juu chini kwa miaka mingi, na kila mara narudi pale pale nyuma ya mabafu ya mtaa wa Mbotela. Wavulana wawili wamechuchumaa kwenye matope ya sabuni, mmoja anamwambia mwenzake, "Lamba kidole, apa hutasema," na yule mpumbavu mwingine analamba. Yule mpumbavu ni mimi. Nilikuwa na miaka kumi na miwili na nilikuwa mwaminifu sana kwa viapo. Laiti ningekuwa mwongo kama watoto wengine.

Safari hii harufu ndiyo iliyonirudisha huko, lakini kabla ya harufu palikuwa na paka, na kabla ya paka inafaa niseme kwamba nacheza pool. Sichezi vizuri. Sisemi hivyo kwa unyenyekevu; muulize yeyote. Lakini naupenda mchezo huu kupita kiasi cha mtu mwenye magoti kama yangu. Napenda ule mlio mmoja mkavu mpira mweupe unapogonga mwenzake katikati, na napenda fimbo nzuri. Ninazo saba. Mke wangu, Mungu amrehemu, alizoea kuwaambia wageni kwamba ana wake wenza saba, wote wembamba.

Vijana wa pale Kariobangi ninakochezea kila Jumamosi alasiri wananishinda kirahisi, lakini kwao fimbo ni mti tu. Wanaiegemeza ukutani mchana kutwa kisha wanashangaa imepinda. Wanaipaka chaki kama watu wanaochimba kisima. Nikiwasema wananijibu, "Tulia mzae, hii ni game tu." Game tu! Majuzi mmoja wao alichukua fimbo yangu nzuri kuliko zote, ile yenye kiungo cha shaba katikati, akapanda juu ya kiti akaitumia kumfukuza paka kwenye dari. Paka alitoka. Fimbo ilipasuka penye kiungo.

"Pole, mzae," akaniambia, bila aibu yoyote. "Si umpelekee yule mzee wa fimbo huko nyuma ya soko? Huyo hashindwi."

Nilijua ni mzee gani. Ndiyo maana kwanza niliipeleka kwa fundi wa viti, naye akaipaka gundi ya viatu. Kisha nikaipeleka kwa fundi wa redio, sijui nilikuwa nafikiria nini, naye akaipiga msumari. Msumari! Basi Jumatatu iliyopita nilimeza kiburi cha zaidi ya miaka hamsini nikaenda nyuma ya soko. Kabla sijafika mlangoni pua yangu ilishafika. Muhugu uliokwanguliwa, na rangi ya viatu ya kahawia. Nikasimama katikati ya wagonga mabati, mzee mzima na fimbo yake iliyovunjika, boda boda zinanipigia honi nitoke njiani, nami siko Kariobangi tena.

Baba yangu alikuwa mchongaji. Alitoka Ukambani na sanduku moja la tezo, tupa na patasi, akapata chumba cha kaunsili pale Mbotela, na kila asubuhi baada ya chai aliketi kwenye veranda akachonga twiga. Twiga, twiga, twiga. Duka moja la mjini liliwachukua kuwauzia watalii na halikutaka mnyama mwingine. Akimaliza mmoja alimsimamisha kwenye mstari pamoja na wenzake, wote shingo moja, wote na uso ule ule wa mshangao. Siku moja nilimsikia akimwambia mama, "Nikifa, nizikeni mbali na kitu chochote chenye shingo." Mama alicheka. Yeye hakucheka.

Nyumba yetu ilinukia muhugu. Ni mti mgumu, mzito, wenye harufu tamu isiyoisha, na mikono ya baba ilikuwa nayo hata akitoka kuoga. Akishalainisha kazi yake kwa msasa aliipaka rangi ya viatu ya kahawia, akaisugua kwa kipande cha gauni kuukuu la mama mpaka mti ung'ae. Mpaka leo nikipita kando ya mpiga viatu rangi natazama kama kuna twiga karibu.

Hatua chache kutoka kwetu palikuwa na ukumbi wa mtaa, na ndani yake meza kubwa ya biliadi iliyotupwa na klabu fulani ya wazungu walipokuwa wakifunga virago. Kitambaa chake kilikuwa na viraka vitatu, na upande mmoja uliinama kidogo, hivi kwamba mipira yote ilipenda shimo la karibu na choo. Mwangalizi wa ukumbi alitoka Bungoma, mtu mkali aliyelala na ufagio wake, na mwanawe Wanjala alikuwa rafiki yangu wa kufa na kupona. Wakati wa likizo tulimsaidia mzee huyo kufagia, naye akatuachia meza mpaka watu wazima watoke kazini. Hapo ndipo nilipojifunzia, kwa mkono wa kushoto, maana mimi ni mashoto. Walimu walinichapa kwa ajili ya mkono huo. Baba peke yake ndiye aliyeupenda. "Mashoto anauona mti kutoka upande wa pili," alizoea kusema.

Jioni moja alikuja ukumbini kuniita nikale, akasimama mlangoni akanitazama nikicheza. Hakuniita. Aliingia, akanipokonya fimbo, akaiviringisha juu ya meza. Ncha ikawa inarukaruka.

"Nani aliyechonga uchafu huu?"

"Zilitoka Ulaya, baba."

"Kwani huko hawana macho?"

Tangu siku hiyo twiga walipata mpinzani. Chini ya kitanda chake baba alikuwa na gogo jembamba la muhugu, limefukiwa ndani ya sanduku la vumbi la mbao. Alilileta mwenyewe kutoka kwao juu ya basi kabla sijazaliwa. Muhugu hukua kwa kujikunja kama mtu anayeumwa na tumbo. Kuupata umenyooka kutoka chini mpaka kifuani mwa mtu mzima ni bahati isiyorudi mara mbili. Alikuwa ameuhifadhi miaka yote hiyo bila kujua anauwekea nini. Sasa alijua. Gogo lile lingetoa fimbo moja, si zaidi.

Aliichonga kwa namna iliyonitia wazimu. Leo anaondoa kidogo, vipande vyembamba kama kucha, kisha anaifukia tena ndani ya vumbi la mbao na kurudi kwa twiga wake wiki tatu nzima. Kisha kidogo tena. Nikamuuliza kwa nini haimalizi.

"Mti una maji yake ya ndani," akasema. "Ukiuvua nguo zote siku moja unashikwa na baridi, unajikunja. Unauvua moja moja. Na katikati unauacha ulale."

Nilimsikia. Sikumwelewa. Siku zile baba alikuwa ameanza kushika vitu mbali na uso ili avione, gazeti, sindano ya mama, hata sahani ya samaki, nami katika akili yangu ya mtoto nikaunganisha mambo mawili yasiyohusiana. Nikaamua kwamba macho yamemchoka, na kwamba polepole yake yote ni hila ya kutuficha.

Palikuwa na bwana mmoja mwenye duka la vifaa vya michezo mjini ambaye alikuja ukumbini Jumamosi moja kila mwezi kutazama mashindano ya mitaa. Baba alizungumza naye. Bwana yule akasema aletewe hiyo fimbo aione. Akiikuta imenyooka, atampa kazi ya kuchonga fimbo kwa ajili ya duka lake, kazi ya kudumu. Ya kudumu, bila twiga! Sijapata kumwona baba vile tena. Alinyoa ndevu katikati ya wiki. Alipiga mluzi akichonga. Alimwambia mama kwamba siku atakayopata kazi ile, twiga waliobaki watakuwa kuni za kupikia githeri.

Na alitaka mimi ndiye nicheze mbele ya yule bwana, kwa sababu fimbo ilipimwa kwa kwapa langu na kiganja changu. Wiki ya mwisho aliitoa sandukuni akailaza chini ya kitanda changu.

"Kazi yako ni moja," akaniambia. "Kila jioni unaigeuza, upande wa juu uende chini, ipate hewa sawasawa. Huipangusi, huipaki kitu, humwonyeshi mtu. Bado ina nguo moja."

Maana yake ilikuwa bado nene upande wa mbele. Alikusudia kumweleza yule bwana wazi kwamba nguo ya mwisho ingetoka baada ya miezi miwili, mti ukishatulia. Kwa fundi hilo ni jambo la kawaida. Lakini mimi nilipoilaza mkononi nilihisi unene ule, nikasema moyoni, maskini baba, haoni.

Jumatatu niliiiba nikaenda nayo ukumbini. Nilitaka tu kuijaribu. Kwa bahati mbaya vijana wakubwa wa reli walikuwa na mapumziko, wako pale wamezunguka meza.

"Muli, mamako anajua umechukua mchi wake?"

"Si mchi, hiyo ni nguzo ya stima!"

"Mpeni mpira wa miguu, wa biliadi hautaenea hapo."

Wakacheka mpaka mmoja akakaa sakafuni. Nilitoka nikikimbia, masikio yanawaka, Wanjala nyuma yangu. Nilichokuwa nakiona ni Jumamosi: ukumbi umejaa, baba amenyoa ndevu, anafungua shuka, na kicheko kile kile kinamwangukia yeye.

"Tuipunguze," Wanjala akasema. "Kidogo tu. Mzee wako mwenyewe si umesema haoni? Hatajua."

Sikugusa tupa za baba; sijui kwa nini hilo lilinionekania dhambi zaidi. Tuliokota kitako cha chupa, tukaketi nyuma ya mabafu ambako watu wazima hawapiti mchana, na kwa siku mbili tukakwangua, mmoja ameshika mwingine anavuta, tukipokezana. Vumbi lake lilinukia tamu mno hata leo naona haya kulikumbuka. Kisha msasa. Kisha rangi ya viatu niliyoiba kwenye kopo la baba. Tulipomaliza ilikuwa nyembamba, nyororo, inang'aa, fimbo ya mjini kabisa. Nilijivuna. Naomba mnielewe: nilijivuna, nikaamini nimemwokoa baba yangu.

Hapo ndipo Wanjala alipotaka tuape. Tukalamba kidole cha shahada, tukakipitisha shingoni, tukakielekeza juu.

"Haki ya Mungu sisemi. Hata mzee akiuliza."

"Hata akiuliza," nikasema.

Alhamisi niliigeuza, iko sawa. Ijumaa jioni nilipoivuta kutoka chini ya kitanda niliona kitu, nikayaambia macho yangu yanyamaze. Siku ile ilikuwa na jua kali na upepo, nasi tulikuwa tumeuvua mti nguo yake ya mwisho kwa siku mbili.

Jumamosi baba mwenyewe aliibeba, imefungwa ndani ya shuka jeupe, akatembea nayo kama anabeba mtoto wa kubatizwa. Ukumbi ulijaa. Baba Wanjala alikuwa amepiga sakafu deki mara mbili. Yule bwana wa duka alikuwepo, amevaa koti, mtu muungwana. Baba akafungua shuka. Mkono wake ulipoigusa fimbo ulisita, kama mtu aliyeshika mkono wa mgeni gizani, lakini watu wote walikuwa wakitazama. Akailaza mezani, akaiviringisha.

Ilirukaruka kuliko zile za Ulaya.

Hakuna aliyecheka. Heri wangecheka. Bwana wa duka aliiviringisha tena mwenyewe, kwa heshima, kana kwamba huenda meza ndiyo yenye makosa. Kisha akamwekea baba mkono begani. "Mzee, nimeona twiga wako mjini. Ni wazuri sana. Wewe shikilia twiga."

Baba akachukua fimbo. Akapitisha kidole gumba polepole kutoka kitako mpaka ncha, akakinusa kidole. Akanitazama mimi. Akamtazama Wanjala. Nilisubiri aulize. Angeuliza pale, mbele ya watu wote, nadhani ningelia nikasema, kiapo au hakuna kiapo.

Hakuuliza. Alimgeukia yule bwana akasema, "Kosa ni langu. Nimeukata mti kabla haujakauka."

Nami nikashusha pumzi. Mjinga mimi! Nikashusha pumzi, nikawaza, ni kweli, macho yamekwisha, hajui.

Jumatatu twiga walirudi kwenye mstari. Mluzi haukurudi.

Kilichofuata ndicho kilichonitia uchungu, na nikakielewa kinyume kabisa. Siku nne baada ya ile Jumamosi nilitoka dukani na mkate, nikamkuta Wanjala kwenye veranda yetu, ameketi juu ya debe lililofunikwa, tupa ya baba mkononi, anafundishwa kulainisha goti la twiga. Wanjala! Mimi baba hakuwahi kunishikisha tupa. Alisema nikifika miaka kumi na mitatu. Nikapita na mkate wangu bila kuwasalimia. Nikaamua kwamba baba amemchagua yeye kwa sababu ni mwana wa mwangalizi, ili apate kuingia ukumbini bure. Akili ya mtoto haikosi sababu.

Wiki ile ile baba alichonga kigoda kidogo cha miguu mitatu, kifupi, cha kimo cha mtoto. Nilijua ni cha Wanjala. Lakini Wanjala hakukikalia. Aliendelea na debe lake, na kigoda kikakaa upande wa pili wa baba, karibu na dirisha, kitupu. Basi nikajua ni cha wateja. Na kila nilipopita pale, nikienda shule, nikirudi, nikienda bombani, baba alinyoosha mguu akakisukuma kigoda kile kidogo kuelekea kwangu, bila kuinua macho kwenye kazi yake.

Nilidhani ananiambia niwaondokee. Nilidhani anasema, hapa pana watu wanafanya kazi, zunguka huko. Nami nikazunguka. Nikazunguka kwa miaka. Nilienda sekondari nikirudi na vitabu kwapani, mguu ukatoka, kigoda kikasogea, nikakiruka. Nilipata kazi ya ukarani, nikahamia chumba changu, nikawa napita kuwasalimia Jumapili baada ya ibada. Mguu ukatoka. Nikakiruka nikiwa nimevaa tai.

Baba alikufa kwa kifua, twiga mmoja akiwa hajamalizwa. Alikuwa amemwachia mama maneno kwamba sanduku la vifaa na kigoda viende kwa Wanjala. Siku tuliyorudi kutoka mazishini, Wanjala alikuja kuchukua sanduku, nami nikamsimamia mlangoni mbele ya wafiwa nikapiga kelele, "Tangu lini tezo za Mkamba zikaenda Bungoma?" Mama alijifunika uso kwa leso. Wanjala alikuwa ameshabeba sanduku begani. Akasema, "Muli, kuna jambo mzee alitaka..." Nikamwambia, "Nenda!" Akaenda. Hatukusemezana tena. Nikawa mtu mzima anayenunua fimbo za pool, moja baada ya nyingine, za kiungo cha shaba, za mfuko wa ngozi, na akivunjikiwa anazipeleka kwa fundi wa redio.

Hivyo ndivyo nilivyofika Jumatatu kwenye mlango ule nyuma ya soko. Wanjala alikuwa ndani, kichwa cheupe, miwani imefungwa kwa uzi, ana fimbo mapajani anaikwangua. Ukutani zimening'inia nyingine, labda ishirini, zote zimenyooka. Alinitazama, akaitazama fimbo yangu.

"Nani ameipiga msumari?"

"Fundi wa redio."

"Ulitaka ishike idhaa gani?"

Sikutaka kucheka. Nilicheka. Akaichukua, akaanza kuung'oa ule msumari kwa koleo, akisonya. Tezo na tupa zilipangwa mezani kama alivyozipanga baba. Akasema, bila kuinua kichwa, "Kaa." Akanyoosha mguu, akasukuma kitu kikakwaruza saruji kikanijia.

Kilikuwa kigoda kile. Miguu yake ilikuwa imechakaa, lakini kiti kilikuwa bado na rangi ya mti mpya, kama vile vitu ambavyo havijawahi kuguswa na nguo ya mtu.

"Hakuna aliyewahi kukikalia?"

"Mzee alikataza. Mimi nilikaa kwenye debe mpaka alipokufa. Matako yangu yanajua." Akauweka msumari chini. "Ni chako, Muli. Kilikuwa chako siku zote."

Nikamwambia aache upuuzi. Hakuacha. Akaniambia kwamba siku nne baada ya Jumamosi ile alienda mwenyewe verandani akasema, mzee, mimi ndiye niliyekwangua fimbo. Baba akamuuliza, peke yako? Akasema peke yangu. Baba akaitoa ile fimbo iliyopinda, akaigeuza kwenye mwanga, akamwonyesha. Hapa, akasema, chupa imevutwa na mkono wa kulia. Na hapa imevutwa na wa kushoto. Pale Mbotela ni mtoto mmoja tu wa kushoto ninayemjua.

"Alikuwa anajua," nikasema.

"Alijua pale pale ukumbini. Kidole gumba kilimwambia. Akaniambia, wewe umekuja, chukua tupa. Yule wa kushoto naye akija kigoda chake kiko, nimekiweka upande wa dirisha ili kiwiko chake kisigongane na changu."

"Na wewe ukaninyamazia? Miaka yote ile?"

"Alinikataza. Alisema, akija kwa kutumwa, hajaja. Mazikoni nilitaka kukuambia. Wewe ulikuwa unanifukuza kama mwizi wa kuku."

Hapo hasira ilinipanda mpaka fizi zikaniuma. "Lakini tuliapa, Wanjala!"

"Tuliapa nini?"

"Nyuma ya mabafu! Tulilamba kidole! Hata mzee akiuliza!"

Alinitazama juu ya miwani yake, koleo mkononi. Niliona anatafuta kichwani, kwa kweli anatafuta, na kiapo hakipati.

"Aa, Muli," akasema. "Si tulikuwa tunaapa kila siku? Tuliapa pia kwamba hatutaoa."

Nikajaribu kuketi. Kigoda kilichongwa kwa kimo cha mtoto wa miaka kumi na miwili. Magoti yangu yalifika nusu ya njia yakakataa, nikabaki nimening'inia pale kama ngamia asiyejua anainuka au analala, mpaka Wanjala akaja akanishika kwapani akaniinua. Alinipa debe.

Fimbo yangu imepona. Jumamosi nilicheza nayo, nikashindwa, kama kawaida. Ukiiviringisha mezani haitikisiki. Lakini sikuitengeneza mimi, wala siwezi, wala sita zile nyingine siwezi kuzibadilisha hata ngozi ya ncha. Mimi, mwana wa mchongaji, mwenye mkono ambao baba yangu alikuwa ameutengenezea mahali. Nilitunza kiapo ambacho mwenzangu alikivunja siku ya nne na kukisahau, nikajiona mwaminifu. Kilinigharimu ufundi wa baba yangu. Kilinigharimu na baba mwenyewe, maana alinisubiri miaka kumi na mitatu, hatua chache kutoka nilipokuwa nikipita, na akafa akinisubiri.